Zikri si mchezo, wala si dawa ya kuuza

Chama chetu kimetuomba tuandike juu ya mila moja inayojulikana na kila mtoto wa Kindu, awe Mwislamu au Mkristo: zikri ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Tulitaka kuandika kwa upole. Tumeshindwa. Siku hizi zikri imekamatwa na pande mbili, huku inatukanwa, huku inauzwa, na sisi wa katikati tumenyamaza mpaka kunyamaza kwetu kumeonekana kama kukubali.

Wa kwanza ni vijana wetu waliosoma mbali, wakarudi na kanzu fupi na maneno makali. Wao wanasema kwamba wazee wetu wanaruka kama nyani, kwamba zikri ni uzushi mtupu, kwamba haina faida yoyote, si ya dunia si ya ahera. Wa pili ni hawa masheikh wa dawa, wenye vikaratasi vya nambari: soma jina hili mara elfu kadhaa, tansio inakwisha, soma lile, sukari inashuka, lete franka kwanza. Wanagombana kila siku, lakini sisi tunawaona kama ndugu wa tumbo moja, kwa maana wote wawili hawajui zikri inafanya nini ndani ya mtu. Mmoja anasema haifanyi kitu, mwingine anasema inafanya kila kitu.

Tuanze na kile tunachokiona kwa macho. Watu wanakusanyika baada ya sala ya Isha, katika msikiti au katika ua wa khalifa. Wanakaa kwanza. Wanasoma Fatiha, wanawataja waliotangulia, wanamtaja Sheikh Abdul Qadir Jilani wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1166 na ambaye tarika yetu ya Kadiria inaitwa kwa jina lake. Kisha maneno ya tauhidi yanaanza, La ilaha illa Llah, polepole, kwa sauti ndefu. Baadaye wanasimama, bega kwa bega, wanainama mbele na kurudi nyuma, na neno linafupishwa kidogo kidogo mpaka linabaki pumzi tu inayotoka kifuani. Pwani wanaiita zikri ya kukohoa kwa sababu ya ile sauti. Kule Unguja na Mrima wamegombana juu yake zaidi ya miaka mia moja, kwa hiyo vijana wetu wasidhani wameleta jambo jipya.

Na wasidhani pia kwamba zikri ni kitu cha Waarabu kilichoangushwa hapa na misafara ya pembe na watumwa. Kweli, Uislamu ulifika kwetu kwa njia ile, na hatuifichi. Nyangwe na Kasongo zilikuwa miji ya biashara ya watu, na mauaji ya soko la Nyangwe ya mwaka 1871, ambayo Livingstone aliyaona kwa macho yake, ni sehemu ya historia yetu. Lakini zikri ilikuwa ya nani? Tazameni Bagamoyo. Mtu aliyeieneza Kadiria pale, Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana kama Sheikh Ramiya, alichukuliwa huku kwetu upande wa Kongo akiwa mtoto, akauzwa pwani kama mtumwa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki. Akasoma, akawa sheikh, na wakubwa wa mji wakaja kubusu mkono wake. Alifariki mwaka 1931. Huko Nyasaland, mwanamke aliyekuwa mtumwa, Binti Mtumwa, aliongoza tawi la Kadiria na wanawake wengi wakamfuata. Watu walionyang'anywa jina, ukoo na nchi walipewa kitu ambacho bwana hawezi kukinyang'anya, yaani pumzi yao wenyewe na jina la Mungu ndani yake. Kijana anayemwita babu yake nyani akumbuke kwamba neno hilo babu alishaitwa na wengine kabla yake.

Wabelgiji nao waliiogopa. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894 waliwaangalia Waungwana wa Maniema kwa jicho baya, shule zikawekwa mikononi mwa misioni, na jina la Muridi likawa katika ripoti za wakubwa wa koloni kama jina la hatari. Armand Abel aliandika kitabu kizima juu ya Waislamu weusi wa Maniema, kilichotoka Bruxelles mwaka 1960. Tunajiuliza: kama zikri ni kurukaruka tu, serikali yenye bunduki iliogopa nini?

Sasa tuingie kwenye mwili, maana ndipo ugomvi ulipo.

Mtu mzima aliyetulia anavuta pumzi mara 12 mpaka 20 hivi kwa dakika moja. Anayesema La ilaha illa Llah kwa urefu wake, bila haraka, hawezi kupumua mara zote hizo. Neno lenyewe linamlazimisha atoe hewa polepole, ndipo avute nyingine. Mwaka 2001 daktari wa Italia, Luciano Bernardi, pamoja na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la British Medical Journal. Waliwachukua watu 23, wakawasomesha rozari ya Wakatoliki kwa Kilatini, tena wakawasomesha maneno ya kurudiarudia ya Wahindi. Katika yote mawili pumzi ilishuka mpaka karibu mara 6 kwa dakika, na mwendo wa moyo na wa damu ukaanza kwenda pamoja vizuri zaidi. Hawakupima zikri yetu. Lakini wenyewe waliandika kwamba rozari huenda iliingia Ulaya kutoka kwa Waarabu, nao Waarabu waliipata huko mashariki zaidi. Ndugu zetu Wakatoliki wa Kindu tunawaomba wasikasirike, sisi tumefurahi tu kuona kwamba tasbihi zetu na zao zinatoka katika kamba moja.

Kwa nini inakuwa hivyo? Kuna mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kichwani, unashuka shingoni mpaka moyoni na tumboni, waganga wa lopitali wanauita vagasi. Mtu akitoa pumzi, mshipa huo unauambia moyo upunguze mbio. Akivuta, moyo unakimbia kidogo tena. Basi anayetoa pumzi kwa muda mrefu, kwa neno refu, anaupa moyo wake nafasi ya kupoa mara nyingi mfululizo. Mikono iliyokuwa imekaza inaachia. Taya inaachia. Tumbo linaanza kulia, na wazee wanacheka wakisema shetani ameondoka. Hawakusoma juu ya vagasi, ila waliuona mwili miaka mingi.

Kuna jambo lingine, nalo halihusu pumzi ya mtu mmoja. Mwaka 2010 wataalamu wa Oxford walichapisha utafiti juu ya wapiga kasia wa chuo chao. Walipopiga kasia pamoja, kwa mwendo mmoja, waliweza kuvumilia maumivu zaidi kuliko kila mmoja alipopiga peke yake, ingawa kazi ilikuwa ileile. Sisi tuliposikia habari hiyo tulicheka sana. Mtu yeyote aliyevuka Lualaba kutoka Alunguli na mtumbwi mzito anajua kwamba wapiga kasia wakiimba pamoja hawachoki upesi, na mmoja akikosea mwendo wote wanasikia uzito. Safu ya zikri ni mtumbwi huohuo. Mzee wa miaka sabini ambaye mchana analalamika magoti, usiku ule anasimama saa mbili. Magoti hayajapona. Kesho atalalamika tena. Lakini kwa saa mbili aliyabeba pamoja na wengine.

Na roho? Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, alieleza njia hii zamani sana: mtu anaanza kwa ulimi huku moyo uko mbali, unatangatanga, unahesabu madeni, anaendelea bila kuacha, mpaka siku moja anaukuta moyo wenyewe unasema na ulimi umepumzika. Hayo tumeyaona hapa. Mwaka 2002, wakati mji wetu ulipozungukwa na vita na watu hawakuweza kwenda shamba, wanawake walikuwa wanakusanyika mchana katika nyumba za jirani, milango imefungwa, wanasema zikri kwa sauti ya chini ili askari wasisikie. Mama mmoja aliyepoteza watoto wawili katika miaka ile alituambia maneno haya, nasi tunayaacha kama alivyoyasema: "Ile mawazo ilikuwa inazunguka mu kichwa usiku muzima, inarudilia ileile, ileile. Nikakamata tasbihi. Nikaweka jina ya Mungu pahali ya ile mawazo. Nayo inarudilia, lakini hii hainiuwi."

Tunaomba vijana wetu wa kanzu fupi wayasome maneno ya mama huyu mara mbili. Akili yenye msiba inarudiarudia kitu, utake usitake. Yeye hakufuta kule kurudia, alibadilisha kile kinachorudiwa. Je, hii ni kuruka kama nyani?

Tunajua hoja yao. Wanataja aya ya 205 ya Sura ya Aaraf, inayoamuru kumkumbuka Mola ndani ya nafsi, kwa unyenyekevu na bila kupaza sauti. Aya ni ya kweli na hatuna neno juu yake. Ndiyo maana kila muridi anafundishwa uradi wa peke yake, alfajiri na jioni, wa chini kwa chini. Wenzetu wa Nakshabandia wameifanya zikri ya siri kuwa njia yao, sisi Kadiria tunaitoa kwa sauti, na maulamaa wamejadiliana juu ya hayo karne nyingi bila kuitana makafiri. Hukumu ya sheria tunawaachia wao. Lakini mnaposema kwamba Qurani haina habari na mwili wa mwenye kukumbuka, hapo mmetuonea. Sura ya Anfal inataja mioyo inayotetemeka Mungu anapotajwa. Sura ya Zumar, aya ya 23, inataja ngozi zinazosisimka, kisha ngozi hizo na mioyo zikalainika. Sura ya Raad, aya ya 28, inasema mioyo inatulia kwa kumkumbuka Mungu. Ngozi, moyo, kutetemeka, kutulia: hayo yote ni mwili. Mmesoma miaka mingi kuliko sisi, iweje hamkuiona ngozi?

Hapo tumemaliza na wa kwanza. Wa pili wametuumiza zaidi, kwa kuwa wanakula katika sahani yetu. Wao ni watu wa zikri kama sisi.

Tulikuwa na mama katika kundi letu la Mikelenge, hatutamtaja jina, wala hatutamtaja sheikh aliyemdanganya. Alikuwa na tansio. Munganga alimpa vidonge vya kila siku. Akapewa karatasi yenye jina la kusoma na idadi ya kusoma, akaambiwa kwamba anayekunywa vidonge huku anasoma ana shaka juu ya Mungu, na mwenye shaka haponi. Akaacha vidonge. Akasoma kwa juhudi, akajisikia vizuri kweli, kichwa chepesi, usingizi mzuri. Alikuwa anatuambia: mnaona? Miezi haikupita mingi akapooza upande wa kulia, mdomo ukaenda upande. Mpaka leo tasbihi anaishika kwa mkono wa kushoto.

Tufahamiane vizuri hapa, maana hapa ndipo watu wanapotea. Mama yule hakudanganywa katika kila kitu. Kujisikia vizuri kulikuwa kweli. Pumzi ndefu inaweza hata kuishusha tansio kidogo. Lakini tansio ni ugonjwa usiouma. Inaweza kukaa juu miaka mingi na mtu anatembea, anacheka, anauza samaki sokoni. Kwa hiyo kutulia kwa roho si kipimo chake. Kipimo chake ni kile kitambaa cha mkononi kinachojazwa hewa katika kituo cha afya. Kumwambia mgonjwa apime damu yake kwa raha ya moyo ni kumpeleka kaburini kwa jina la Mungu. Mtume mwenyewe ameamuru watu wajitibu. Wapi mmesoma kwamba kidonge ni shaka?

Tena zikri ileile ikifanywa ovyo inaleta madhara, na sisi watu wa tarika tuseme wazi kabla hatujasemewa na wengine. Mwanzo ni polepole, tumesema. Lakini siku hizi kuna makundi ya vijana yanayorukia mwisho moja kwa moja: kukohoa kwa haraka, kwa nguvu, nusu saa nzima, nani ataanguka kwanza. Mtu akipumua kwa haraka na kwa kina kupita haja ya mwili, anatoa kupita kiasi ile hewa ya kaboni iliyo katika damu. Mishipa ya kichwani inajibana, damu inapungua huko, macho yanaona giza, midomo na vidole vinawasha kama vina sisimizi, mikono inajikunja. Mtoto akianguka hapo wanapiga kelele: amefika! Amefika wapi? Mpeni nafasi apumue taratibu, mtaona ndani ya dakika chache amerudi. Huenda katika kuanguka kwingine kuna jambo la kweli kati ya mja na Mola wake, hatuko wa kulikana. Ila wazee walilichukua kama ajali ya njiani. Hawakulihesabu kama cheo. Khalifa mmoja aliyetulea alikuwa akimwona kijana anapumua hovyo anamgusa bega na kumwambia: keti, bado hujafika hata kwa wewe mwenyewe.

Kwa mwenye kifafa jambo ni zito zaidi. Waganga wenyewe, wakitaka kujua kama mtoto ana aina fulani ya kifafa, wanamwambia apumue kwa haraka na kwa kina, kwa sababu kupumua hivyo kunaweza kuamsha ugonjwa mbele yao. Sasa sisi tunamchukua mtoto yuleyule, tunamweka katikati ya safu, tunampumuisha mpaka aanguke, kisha tunawaambia wazazi ana jini. Katika mito yetu kuna inzi wa upofu, na utafiti wa miaka hii umeonyesha kwamba vijiji vyenye upofu wa mto mwingi vina kifafa kingi pia. Wazazi hao wanahitaji Mectizan na vidonge vya kifafa, siyo aibu.

Na ile sauti ya kukohoa, jamani, tuiangalie. Nchi yetu ni moja ya zile zenye kifua kikuu kingi duniani. Chumba kidogo, madirisha yamefungwa, watu arobaini wanatoa pumzi kwa nguvu usoni mwa wenzao. Zamani zikri ilikuwa ya uani, chini ya mwembe. Nani aliyetuingiza ndani? Tunafikiri ni ile mitambo ya sauti, iogopayo mvua. Hapo tungependa kuongeza neno, ingawa liko pembeni kidogo: spika. Zikri ya spika mpaka saa kumi za usiku haipozi moyo wa mtu. Jirani mgonjwa halali, mtoto wa shule halali, na anayesema zikri haisikii tena pumzi yake wala ya mwenzake, anasikia chuma. Ule mwendo mmoja wa safu, tuliousema juu ya mtumbwi, unakufa. Zimeni hizo spika.

Hatusemi haya kwa sababu tunaona haya juu ya mila yetu mbele ya wasomi. Wasomi wetu nao wana makosa yao, wale wanaomwona mama mwenye tasbihi katika foleni ya lopitali na kumcheka, kama kwamba kidonge hakifanyi kazi ndani ya mtu anayemkumbuka Mungu. Tumewahi kumsikia muuguzi akimwambia mgonjwa aweke kando hayo makelele yake. Mgonjwa alikuwa ananong'ona tu. Aliogopa sindano na alikuwa anapoza moyo wake kwa njia aliyofundishwa na bibi yake. Afadhali muuguzi huyo angepima mapigo ya moyo wake kabla na baada, angejifunza kitu.

Kwa hiyo sisi wa kundi letu tumekubaliana mambo, na tunayaandika hapa ili makundi mengine ya Kasuku na ya Alunguli yatupinge au yatufuate. Zikri tunaifanya uani tena, mvua ikinyesha tunaketi barazani milango wazi. Inaanza polepole na inamalizika polepole, na hakuna kutoka katikati ya mbio kwenda nyumbani. Watu wanakaa, wanasoma dua, wanakunywa chai ya tangawizi mpaka pumzi imerudi. Mwenye kifafa, mwenye mimba kubwa na mwenye ugonjwa wa moyo anaketi na kusema kwa ulimi tu, na hakuna anayemwona mdogo kwa hilo. Anayekohoa wiki mbili mfululizo anakwenda kupimwa kwanza, nafasi yake katika safu inamsubiri. Na yeyote anayeuza karatasi ya nambari mlangoni petu tunamrudisha na karatasi yake.

Kuna waliotukasirikia. Mmoja alisema tumeifanya zikri kuwa kliniki. Mwingine, wa upande ule wa kanzu fupi, alisema afadhali tungeiacha kabisa kuliko kuitengeneza. Wote wawili tumewaalika waje Alhamisi, baada ya Isha, na mpaka tunaandika haya mmoja tu amekuja. Alikaa nyuma, karibu na birika, hakusema neno. Alhamisi iliyofuata alirudi na baba yake mzee, akatuomba tumpe kiti, kwa sababu magoti yanamsumbua na dawa zake anakunywa saa tatu.